Aliyebaki Majini

Kila mchana Twalib aliwahesabu waogeleaji wakiingia bwawani, akawahesabu tena wakitoka, na kila mchana mmoja alibaki majini. Wameingia kumi na wanne, wametoka kumi na watatu. Hapo alikimbilia upande wa kina kirefu, akapiga magoti kwenye saruji ya moto, akachungulia chini mpaka macho yakamuuma. Hakuna mtu. Mwaka mzima sasa, tangu Ndambuki azame, hesabu ilikataa kutimia.

Bwawa lilikuwa la klabu ya wafanyakazi wa kiwanda kimoja, nyuma ya nyumba za mtaa wa Jericho, Nairobi. Mwaka 1982 meneja alileta kutoka ng'ambo mashine ya kugeuza chumvi iliyomo majini kuwa klorini, akauliza nani ataiangalia. Wote wakamsukuma Twalib mbele.

"Huyu Mswahili, bwana! Mtu wa pwani, chumvi anaijua tangu tumboni!"

Twalib alizaliwa Pumwani, humohumo Nairobi. Bahari aliiona kwenye kalenda tu. Lakini alikuwa na watoto wanne wa kulisha. Akapokea ufunguo.

Mashine haikumsumbua. Lililomsumbua ni jua, lililoimaliza klorini kabla ya saa saba. Akapewa unga mweupe ulioitwa kidhibiti, wa kuikinga klorini isiliwe na jua. Weka kopo moja, aliambiwa, kisha pima. Kipimo cha klorini alikuwa nacho. Cha kidhibiti hakikuletwa. Basi akafuata alichokiona nyumbani kwao. Mama yake alipoanika achari ya ndimu, kila wiki aliongeza chumvi kidogo isije ikaoza. Naye kila Jumamosi akaongeza kopo.

Maji yakaingia ukungu. Akadhani jua limezidi, akaongeza kopo la pili.

Ndambuki, fundi wa kukata vyuma kiwandani, alizama katika ukungu huo mchana kweupe, wenzake wakicheza karata hatua ishirini kutoka hapo. Ilipita saa nzima kabla mtu hajamkanyaga. Polisi walipouliza, Twalib, akiogopa kufukuzwa, alisema, "Maji yalikuwa safi. Chini ungepaona." Watu wakatafuta sababu nyingine, wakaipata: marehemu alikuwa amelewa. Bwawa likamwagwa, likajazwa upya, na Twalib akaanza makopo yake tena, kwa bidii kuliko mwanzo, kama anayelipa kitu.

Sasa ukungu ulikuwa umerudi. Meneja akamtuma Adoyo, binti wa maabara ya kiwanda, na kisanduku cha vipimo.

"Mzee Twalib, hii maji umeipikia uji?" alicheka.

Kipimo cha klorini kikageuka manjano: kiasi chake kilikuwa sawasawa kabisa. Adoyo akaacha kucheka. Akatoa kibomba cha kioo chenye nukta nyeusi kitakoni, akachanganya maji ya bwawa na dawa, akaanza kuyamimina humo polepole. "Angalia nukta. Ikichelewa kupotea, kidhibiti ni kidogo."

Maji yalikuwa hayajafika hata robo ya kibomba. Nukta ikafunikwa na weupe, ikazama mbele ya macho ya Twalib.

"Yesu! Unaweka kiasi gani?"

"Makopo mawili. Kila Jumamosi."

"Kila...? Mzee, jua halili hii kitu. Ukiweka, imekaa. Klorini iko, lakini umeifunga mikono, haiui uchafu, ndio maana kuna ukungu. Dawa ni kumwaga nusu ya maji." Alimtazama, akapunguza sauti. "Nitaandika ni mashine. Hakuna mtu atajua."

Twalib alikuwa angali anatazama kibomba. Mwaka mzima alijiambia kwamba alidanganya juu ya maji tu. Kumbe na ukungu wenyewe aliutia kwa mkono wake.

"Usiandike mashine," alisema. Akalifungua bomba la kumwagia maji, kisha akaenda jikoni mwa klabu.

Nthoki, mjane wa Ndambuki, alikuwa anasukuma chapati. Tangu mazishi, kina mama wa kanisa lake walikuwa wakimwombea kwa sauti kuhusu pombe ya mumewe.

"Baba Muhiba, chai haijaiva."

"Sijafuata chai, Mama Koki. Siku ile chini hapakuonekana. Niliwadanganya polisi. Na ukungu niliuleta mimi, kwa dawa niliyozidisha bila kujua. Mumeo hakuwa amelewa."

Mti wa kusukumia ukasimama. Nje maji yalikuwa yakikoroma mferejini.

"Kwamba hakulewa, hilo nilijua," alisema Nthoki. "Hajawahi kuonja. Nilikuwa nangoja mtu mwingine aseme."

Nthoki akazima jiko, akafuta unga mikononi, akavua aproni.

"Twende Dandora kwa mama yake. Yeye ameanza kuamini kwamba mwanawe alilewa." Alimpita mlangoni bila kumtazama. "Hasikii vizuri. Utasema kwa sauti, na majirani wasikie."