Chupa Mbili kwa Mkupuo

Tarehe 11 Februari 2019, daktari wa watoto mwenye umri wa miaka thelathini na sita alisaini daftari la maabara ya seli shina kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wodini alikuwa bosi. Huku hakujua hata kushika bomba la kunyonyea maji.

"Karibu, Dakta Chekechea," alisema mama fundi, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwafundisha kazi ya mikono madaktari na wanasayansi. "Hapa hatutibu mtu. Hapa tunalea."

Jina likamganda.

Kilichomleta ni mgonjwa wake, binti wa miaka minane ambaye uboho wake, ule ute wa ndani ya mifupa, ulikuwa umeacha kutengeneza damu. Daktari alitaka kuzigeuza seli za ngozi ya binti huyo ziwe seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini ukubwani, kisha azielekeze ziwe damu aone zinakwama wapi. Kipande cha ngozi alichomkata kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, lakini kidonda kilivuja damu kutwa nzima. "Ni mara hii tu, mama," alimwahidi mama wa mtoto. "Hatakatwa tena."

Seli zilistawi. Mwezi wa tisa alizitia dawa aliyokuwa akiijaribu, zikatengeneza damu. Furaha ilimshinda, akamwambia mama wa mtoto.

Siku tatu kabla hajasimama mbele ya jopo linaloamua nani aendelee mwaka wa pili, mama fundi aliweka karatasi mezani. Seli za kila mwanafunzi hupimwa asili yake kabla ya siku hiyo.

"Mgonjwa wako wa kike au wa kiume?"

"Wa kike. Si unamjua?"

"Mimi namjua. Hizi ndizo hazimjui."

Seli zote zilikuwa za kiume.

Hakuhitaji kutafuta mchawi. Mwezi wa tano wodi ilimpigia simu mara tatu mfululizo: kuna mtoto anatapika damu. Ili awahi, alifungua chupa mbili kwa mkupuo, ya seli za binti na ya seli za mvulana mwenye ugonjwa wa misuli, ambayo mwanafunzi mwenzake alimwomba aitilie lishe. Akatumia bomba moja. Kanuni ya siku ya kwanza ilikuwa chupa moja, bomba moja. Funga, futa meza, ndipo ufungue nyingine. Tone lilitosha. Damu ya mvulana haikuwa na kasoro, seli zake zilikua upesi, na mgeni akammaliza mwenyeji. Hata akiba ya seli aliyoiweka kwenye barafu haikumwokoa, kwani aliigandisha wiki moja baada ya siku hiyo.

"Grafu zako zinapendeza," mama fundi alisema. "Ukinyamaza watakupigia makofi."

"Unanishauri ninyamaze?"

"Thubutu! Kipimo nakiingiza kwenye faili kesho. Nakupa leo utangulie."

Alimkuta mama wa mtoto kwenye korido ya wodi, akikunja nguo za binti yake.

"Dakta! Umeniletea habari nyingine njema?"

"Hapana, mama. Zile seli si za binti yako. Nilizichanganya na za mtoto mwingine. Kosa ni langu."

"Kwa hiyo ile damu..."

"Ilikuwa ya yule mwingine."

Mama akaendelea kukunja gauni ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Nilimpigia bibi yake simu. Nyumba nzima inasubiri, kwa maneno yako."

"Najua."

"Hujui. Haya, sasa unataka nini?"

"Kipande kingine cha ngozi. Ukikataa, matibabu yake hayabadiliki hata kidogo."

"Uliniambia mara moja."

"Nilikwambia."

"Basi leo usiniulize. Nikikujibu leo nitakutukana, na mwanangu bado anakuhitaji."

Daktari alifuta matokeo yake mbele ya jopo, kwa mdomo wake. Jopo halikumfukuza, lilimrudisha mwanzo na kumkataza kugusa seli za mgonjwa yeyote hadi mama fundi atakapomsainia.

Mama wa mtoto hajajibu. Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi, daktari ataanza tena kozi ya wiki sita ya mama fundi, ya kushika bomba na chupa, pamoja na wanafunzi wapya, na mchana atarudi wodini kumwongezea binti damu.