Kompyuta Niliyokimbia Nayo

Mimi Masika, mpiga chapa wa ofisi ndogo pale Butembo, ndiye niliyemshawishi patron, bosi wangu Kambale, anunue kompyuta ya mezani wakati wa vita. Yeye alitaka portable, ile ya kukunja kama kitabu.

“Masasi ikilia, vita ikifika, tutakimbia nayo,” aliniambia tulipokuwa Kasindi, mbele ya muuzaji.

“Hapana, patron. Hii ya mezani iko nguvu. Na mimi naijua muzuri.”

Kuijua, wapi! Nilizoea mashine ya kuandika tu. Lakini nilisema kwa maringo mpaka akakubali.

Asubuhi moja, patron akiwa Beni, risasi zikalia upande wa Rughenda. Ndani ya kompyuta kulikuwa na memwari ya Kahindo, mwanafunzi aliyetupa tumpigie chapa kazi yake ya kumaliza chuo. Nikachomoa nyaya, nikafunga mzigo kwa kitenge, nikaubeba kichwani hadi parokia. Watu walinipisha kana kwamba nimebeba mgonjwa.

Kulipotulia, patron alirudi, akanikuta pale parokiani. Kahindo naye akaja mbio.

“Yaya Masika, dada yangu, memwari yangu iko salama?”

“Iko humu.” Nikafungua kitenge, nikapigapiga kioo kwa fahari. “Maneno yote si inaonekanaka hapa?”

Patron akauzunguka mzigo, akachungulia nyuma.

“Masika, maneno inakalaka ndani ya kasha. Kasha iko wapi?”

“Ile sanduku ya chini?” Nikaanza kukifunga kitenge tena. “Niliiacha kule ofisi, ku bureau, patron. Nilifikiri ni kigoda yake.”