Gari Lililoogopa Jumapili

Mimi ndiye yule mkwe aliyevua shati mbele ya mama mkwe wake, mchana kweupe, kando ya barabara ya Turbo, huku nusu ya kanisa letu ikitazama. Ninasema mapema kwa sababu hapa Sisibo (ndivyo tulivyoiita Eldoret, na wazee wanaiita hivyo hadi leo) kila mtu anakisimulia kisa hiki kwa namna yake, wengine wanadai nilivua na suruali, na afadhali mkisikie kwangu mwenyewe kabla hamjaongezewa chumvi huko sokoni.

Kwa wale ambao hawakulelewa kwetu Bukusu, niwaeleze kidogo. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Mama akiwa na neno la kukuambia anamwambia binti yake, naye binti anakufikishia, hata kama mmesimama karibu kabisa na umeshalisikia mwenyewe. Wala si chuki, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Nilikuwa nimemwoa Nekesa miaka mingi, tumezaa, tumezika mtoto mmoja, na bado uso wa mama yake sikuujua. Niliijua miguu yake, maana macho yangu yalikuwa chini siku zote, na niliijua sauti yake ya kuimba.

Sasa gari. Wakati wa vita nilikuwa dereva wa jeshi huko Burma, na niliporudi nikaajiriwa kuendesha lori la kinu cha mahindi hapa mjini. Kaburu mmoja wa upande wa Moiben alipopata gari jipya, mimi nikachukua lake kuukuu, boksi-bodi, mbele chuma na nyuma sanduku la mbao lenye mabenchi mawili. Katika lokesheni yetu ya wafanyakazi hapakuwa na Mwafrika mwingine mwenye gari, kwa hiyo mnaweza kukisia kichwa changu kilivyovimba. Yule Kaburu aliponikabidhi handeli ya kuzungushia injini alisema tu, "Inamisi kidogo," akaenda zake.

Kidogo! Kumisi, kwa msiojua injini, ni silinda moja kugoma wakati zile nyingine zinafanya kazi, na gari linakwenda kama mtu mwenye mwiba mguuni, linatetemeka, linakohoa, na likikasirika linapiga mlio wa bunduki kwenye bomba la moshi. Jeshini tulifundishwa namna ya kumtafuta huyo mgomaji: injini ikiwa inanguruma unachomoa nyaya za plagi mmoja baada ya mwingine, na ule ambao ukiuchomoa injini haijali, hapo ndipo penye silinda iliyokufa. Nikachomoa. Leo mgomaji ni wa pili, wakati mwingine ni wa nne, mara wawili wamegoma pamoja. Nikabadilisha plagi, likanyamaza, nikajisifu kwa kila aliyepita, na Jumapili likamisi tena. Nikaifungua distributa (ile inayomgawia kila plagi umeme wake), nikasugua vyuma vyake kwa msasa, gari likaenda vizuri wiki nzima, Jumapili likamisi. Nikasafisha kabureta, nikachuja petroli kwa kitambaa, likapona kabisa, halafu likamisi siku ya harusi ya mwalimu, na bibi harusi yumo ndani na shela lake.

Ikafika mahali watu wakalibandika jina, Mpagani, kwa kuwa siku za kazi lilibeba magunia bila neno, lakini likisikia tu kengele ya kanisa linaanza kukohoa. Shemeji yangu Simiyu, kaka yake Nekesa, hakuniachia. "Wafula," aliniuliza mbele za watu, "hii gari yako umeibatiza kweli?" Nilicheka nao, lakini iliniuma, kwa sababu kama kuna kitu nilichojivunia duniani ni kuijua injini. Na gari lenyewe lilimetameta! Jeshini gari la paredi huoshwa lote, pamoja na injini yake, mpaka afisa apitishe kitambaa cheupe na kisichafuke, nami sikuuacha ule utaratibu. Kabla ya kila safari ya heshima nililiamkia alfajiri na ndoo.

Basi mwaka ule mama mkwe akaugua tumbo, akaletwa hospitali ya hapa mjini, akawa anakaa kwa Simiyu. Alikonda akabaki mifupa. Mwishowe daktari akamwambia Simiyu ampeleke nyumbani, na sisi sote tulielewa maana yake. Mama mwenyewe hakulia. Aliomba jambo moja tu, aione nyumba yake huko Kimilili kabla macho hayajafungwa, afe kwenye kitanda chake, asifie kwenye chumba cha lokesheni kisha aletwe ndani ya sanduku. Mabasi yalikuwapo, lakini hakuweza tena kukaa, na yalijaa kuku na magunia.

Simiyu akaja kwangu jioni, akakaa, akazungusha kofia mikononi. "Shemeji, mimi najua desturi. Lakini hakuna gari ingine."

Nikamwambia nitampeleka. Tulikubaliana tutandike godoro nyuma kati ya mabenchi, Nekesa akae naye, na katikati yangu na wao tutundike blanketi, ili mama asinione wala nisimwone. Mpaka hapo sikukosea hata kidogo. Kosa langu lilikuwa ndoo ya maji. Nilijiambia, wakwe wengine huonyesha heshima kwa mbuzi na blanketi, mimi mama mkwe wangu atapanda gari safi kuliko la gavana. Alfajiri ile kulikuwa na ukungu na baridi ile ya Sisibo inayokata vidole, nami nikaosha nje, nikaosha ndani, nikafungua boneti nikamwagia injini maji mpaka ikang'aa, na matambara yalipokwisha nikavua fulana yangu ya ndani nikaichana, nikamalizia nayo, kisha nikavaa shati langu jeupe la kanisani juu ya ngozi tupu.

Kanisa lilikuja kumwombea. Walijaa mbele ya nyumba ya Simiyu, akina mama na mashuka yao, wanaume na baiskeli, na mzee wa kanisa, Mzee Yohana, akiwa na Biblia. Mama alibebwa amefunikwa mpaka kichwani, blanketi likatundikwa, nikaruhusiwa kugeuka. Nikazungusha handeli mpaka injini ikawaka kwa shida, ikawa inatetemeka vibaya. Mzee Yohana akaanza kuomba. Alipofika "ee Bwana, mtangulie mtumishi wako," Mpagani akapiga risasi moja nzito, watu wakalala chini, mtoto akapiga kelele, injini ikazima.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Mzee Yohana alisema amina akiwa bado amepiga magoti. Tukasukuma. Tulisukuma gari lenye mgonjwa kupita maduka yote ya Wahindi, Wazungu wametoka kwenye veranda za ofisi kutazama, linawaka, linakohoa, linazima, tunasukuma tena, na nyuma yetu kanisa linaimba wimbo wa safari ya mbinguni, ingawa siku ile ningependa wachague mwingine. Mji tulipouacha nyuma, likazima moja kwa moja na kukataa kabisa.

Nikafungua boneti. Simiyu akasimama ubavuni mwangu, akihema.

"Shida iko wapi?"

"Plagi."

"Plagi ulibadilisha juzi."

"Basi ni petroli," nikasema, nami najua si petroli.

Kutoka nyuma ya blanketi nikasikia mama akiguna, mguno wa mtu anayeumia na hataki kusikika. Kisha Nekesa akasema kwa sauti, kama desturi inavyotaka, ingawa maneno ya mama yake nilikuwa nimeshayasikia, "Mama anasema kama gari imekataa, asisumbue mkwe, arudishwe tu kwa Simiyu." Nilishika ule ubavu wa gari nikaona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, maana mtu alikuwa ameniomba kitu kimoja.

Nikakamata distributa kwa hasira, nikang'oa kifuniko chake ili nipate cha kufanya, na maji yakanidondokea mkononi. Maji safi ya kisima. Nikakiinua kwenye mwanga nikaona ufa mwembamba kama unywele umepita katikati yake, na unyevu umekaa humo umeme ukipotelea hapo badala ya kufika kwenye plagi. Hapo Jumapili zote zikanirudia, na ile harusi. Siku za kazi sikuliosha! Wakati wote nilipokuwa nikimsaka yule mgomaji, nilikuwa ninammwagia maji mwenyewe kwa ndoo, na jua la mchana likimkausha kwa niaba yangu, nami nikidhani nimemponya.

Kifuniko kilitaka kitambaa kikavu tu. Matambara yangu yote yalikuwa yamelowa chapachapa, pamoja na ile fulana. Akina mama mashuka yao yamelowa ukungu, lile la Nekesa amefunikwa mgonjwa. Sikufikiri. Nilivua shati nikaanza kupangusa, na ni wakati huohuo blanketi, ambalo misumari yake ilikuwa imelegea kwa kusukumwa kule, likaanguka.

Niligeuka kwa ule mshindo. Mama alikuwa amejiinua kwa kiwiko, shuka limemtoka kichwani, ananitazama, nami nimesimama kifua wazi, mbavu nje, grisi mpaka kwenye kitovu.

Wimbo ulikatika. Akina mama waligeuza nyuso zao, Simiyu akatazama chini, na nilitamani ardhi inimeze pamoja na gari. Mama mmoja mzee akasema wazi kwamba sasa mgonjwa ashushwe, hawezi kusafiri na mkwe aliyemvulia nguo mpaka atolewe mbuzi na wazee wakae. Wengine wakaitikia. Mzee Yohana alisema desturi ni desturi, labda kuna basi kesho. Nikamwona Nekesa anaanza kulivuta godoro amshushe mama yake, na nilijua hakuna kesho.

"Wafula."

Mama hakuwahi kunitaja jina hata siku moja. Alisema mwenyewe, bila kupitia kwa binti yake.

"Hospitali wameniosha watu sijui hata mama zao," akasema, akapumzika, akaendelea. "Sasa kifua ya mtoto wangu ndio itaniua? Kausha hiyo kitu yako. Mimi nataka kufika nyumbani."

Nilipangusa kile kifuniko ndani na nje mpaka kikawa kikavu kabisa, nikapaka nta ya kiatu ya Simiyu kwenye ufa (alikuwa nayo mfukoni, ameinunua kwa ajili ya Jumapili), nikarudisha, nikazungusha handeli. Injini ikawaka kwa sauti moja, silinda zote, laini. Nikavaa lile shati lililokuwa jeupe. Nekesa alipookota blanketi alitundike, mama akamwambia aache, anataka kuiona barabara.

Basi tulikwenda hivyo, mimi mbele na shati langu la grisi, yeye nyuma akitazama njia juu ya bega langu. Tukapita Turbo, akauliza mahindi ya nani yale. Tukavuka mto Nzoia, nikasikia analia kidogo kwa furaha. Karibu na boma Nekesa akanigusa, akaniambia kuna kijito pale, tuoshe tope tusiingie kwa wakwe na gari chafu. Nilimjibu kwa ukali ambao hakuwahi kuusikia kwangu. Tuliingia na tope letu, na mama akashushwa akiwa hai, akalazwa kwenye kitanda chake, mlango umefunguliwa auone mgomba wake.

Aliishi mpaka mahindi yakaanza kutoa ndevu. Mbuzi nilimtoa, wazee wakakaa, nikasemwa sana na nikastahili.

Tangu siku ile sijaosha injini, ya gari langu wala ya mtu mwingine, na nikiona kijana amefungua boneti na kushika ndoo ninavuka barabara kwenda kumkataza, hata kama hanijui. Gari langu lilikuwa chafu kuliko yote Sisibo, na Jumapili lilikwenda kanisani bila kukohoa.

Siku ya mazishi nilisimama mbali pamoja na wakwe wengine waliooa katika boma lile, vichwa chini, kama inavyotakiwa. Walikuwa wakwe wazuri, wenye heshima, walioletea boma ng'ombe wazuri kuliko wangu. Lakini mimi peke yangu kati yao nilijua sura ya yule tuliyekuwa tunamzika.