Tofali la Mama Mkwe

Saa mbili asubuhi, fundi wa majiko amepiga magoti jikoni kwa mama mkwe wake, udongo umempanda hadi viwikoni. Mwenye jiko amekaa kwenye kigoda mlangoni, habanduki.

"Mwaka jana nilimwachia peke yake," anasema bibi huyo. "Nikakiona cha mtema kuni."

Mwaka jana fundi alirudi kutoka kwenye mafunzo ya wiki mbili akiwa na ari ya kugeuza kijiji kizima. Majirani wakambandika jina la Mama Bomba, maana kila alikoingia aliacha jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi. Alijenga kumi na moja, la kwanza likiwa hili. Macho yaliacha kuwasha, na kikohozi cha bibi kikapungua.

Kosa lilikuwa juu ya vichwa vyao. Wanawake wa hapa hutunza mahindi ya mbegu kwenye uchaga, juu ya moto, na moshi ndio unaofukuza fukusi, wadudu wanaotoboa nafaka. Mama Bomba amekulia chini ya uchaga kama huo.

"Aibu niliyoipata! Niliufukuza moshi bila kuuliza una kazi gani," anasema.

Siku ya kupanda, bibi alishusha mbegu aliyoachiwa na mama yake, akakuta unga mtupu. Akachukua jembe, akalivunja jiko. Wanawake saba walimfuata, wakavunja ya kwao. Kibaba kimoja cha mbegu ileile, alichopewa na jirani, ndicho kilichozaa mahindi yaliyo uchagani leo. Hakuna mengine.

Safari hii bibi ndiye aliyeita, kwani kikohozi kimerudi na usiku hapati usingizi. Sharti lake ni moja: uchaga upate moshi. Kwa hiyo fundi ameacha tofali moja la bomba bila kulisiliba kwa udongo. Likichomolewa, moshi utapanda kwenye mbegu.

"Na nani atalichomoa?" bibi anauliza.

"Wewe, mama."

"Haya, endelea."

Mama Bomba anataka kurudi kwa wale saba. "Siku ya kwanza sibebi udongo. Nitakaa niulize moshi unawafaa nini. Wakinitimua, kesho nipo tena."

Anawasha majani makavu kujaribu. Bibi anachomoa tofali, anatazama moshi ukiyafikia mahindi. Anakohoa mara mbili, analirudisha kwa mkono wake, kisha anamsogezea mkwewe kigoda.