Gudveig na Shabaha Iliyonyamaza

Kiangazi kile mbu walianza kumuuma Gudveig Tronsmo bila kupiga hodi. Mbu wa Folldal, bonde la Norwei, ni wengi na hawana adabu, lakini angalau huimba kabla ya kunywa. Sasa hawakuimba. Gudveig alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake akijikuna mikono, na papo hapo akajua ni nini kinaondoka.

Macho yalishaondoka akiwa na miaka tisa, aliyalilia, akayasahau. Masikio ndiyo yaliyokuwa yakimweka mjini. Alikuwa mtelezaji wa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, na mlenga shabaha, majira ishirini ya baridi sasa, na asiyeona hulenga kwa kusikia. Unalala kifudifudi kwenye mkeka, unavaa visikilizio, unasogeza bunduki ya mwanga, isiyo na risasi, nayo inakulilia. Ukiwa mbali na shabaha mlio ni mnene. Ukikaribia unapanda, unakonda, na pale katikati kabisa unakuwa mwembamba kama mbu. Hapo ndipo unapofyatua. Kila ukikosa, unateleza mzunguko mmoja wa adhabu, na wenzako wanaenda zao.

Daktari wa masikio hakuzungusha maneno. "Milio ya juu inaondoka kwanza, halafu inayofuata. Hairudi."

"Mpaka Januari itakuwa imefika wapi?" Januari ndiyo ilikuwa mchujo wa timu ya taifa.

"Mimi si mtabiri, Gudveig."

Hakumwambia mtu. Na usimwone mjinga. Miguu ya miaka arobaini na tatu haikuwa tena ya kushindana na wasichana. Shabaha ndiyo iliyombakiza kwenye timu. Tena kulikuwa na Arnfinn, binamu yake, fundi seremala, ambaye kwa majira kumi na manne aliteleza mbele yake na kipaza sauti kiunoni, akimtajia njia kona kwa kona. Arnfinn alishamwahidi mkewe kwamba Gudveig akiachwa kwenye timu, na yeye anaacha. Bila Arnfinn hakuna skii. Na duniani kote, kwenye skii tu ndipo hapakuwa na mtu wa kumshika Gudveig kiwiko. Dukani anashikwa kiwiko. Kanisani kiwiko. Kwenye mazishi ya mama yake mwenyewe alishikwa viwiko vyote viwili, kama kikapu.

Basi akabuni ujanja. Mlio ukipanda, ukapanda, halafu ukatoweka, alijua yuko katikati. Akawa analenga ukimya. Desemba alipata tisa kati ya kumi. Kocha Borghild, mwanamke anayetoa sifa kama anang'olewa jino, akasema, "Si mbaya." Kwa Borghild hiyo ni sherehe. Gudveig alikula vafeli tatu, zile keki bapa, kwa jibini ya kahawia, akacheka peke yake njia nzima.

Tatizo la ukimya ni kwamba unanenepa.

Siku ya mchujo, alipolala kwenye mkeka mara ya kwanza, ukimya ulikuwa mpana kama sahani. Alipata tatu, akakosa mbili. Alipolala mara ya pili ulikuwa mpana kama mlango wa zizi. Akasogeza bunduki kushoto: kimya. Kulia: kimya. Arnfinn alisimama nyuma yake, sheria imemfunga mdomo. Gudveig aliusikia moyo wake, akasikia skii za wasichana zikiingia na kutoka. Kitu pekee ambacho hakukisikia ni kile alichokihitaji. Akafyatua. Akafyatua tena, kama mtu anayetupa mawe ziwani. Zote tano zikapotea.

"Mizunguko mitano," Arnfinn alisema. "Twende. Kushoto, kushoto, nyoosha."

Kwenye mzunguko wa tatu machozi yalishaganda kwenye kope. "Arnfinn, siusikii mlio."

"Najua. Kona, kulia."

"Unajua nini?"

"Tangu Novemba naongea kwa sauti nene kama fahali. Ulidhani nina mafua?"

Gudveig alitamani kumchapa kwa fimbo ya skii, ila Arnfinn alikuwa mbele mno. "Ukaniacha nijiaibishe mbele ya Borghild!"

"Na wewe ukaniacha nijifanye bwege miezi yote hiyo. Ningekuuliza, ungeniambia ukweli?"

"Ningekutukana."

"Haya basi. Kushoto, nyoosha."

Yakaishia hapo. Watu wa bonde lile wanaweza kuweka msiba katikati ya meza na wakaombana chumvi tu.

Ikabaki raundi ya mwisho, msituni. Wote walishawapita. Arnfinn alimtajia daraja, akamtajia msonobari ulioinama, kwa sauti ile nene, na Gudveig akalisikia kila neno akijua yamebaki machache. Ndipo mwanamke aliyetafuta kasi maisha yake yote akaanza kujivuta.

"Ongeza, we mama! Umechoka?"

"Sijachoka."

Skii za Arnfinn nazo zikapunguza mwendo. "Kulia kidogo. Polepole. Sasa ule mteremko wetu, unaukumbuka."

"Naukumbuka."

Wakauteremka. Upepo ulimpiga usoni, hakuna aliyemgusa.

Kwenye mstari hapakuwa na makofi. Borghild hakusema hata "si mbaya". Aliinama akamfungua Gudveig skii, mguu mmoja, kisha wa pili, halafu akamshika kiwiko.