Kumutoa Mama Lulimba kwa Kamyo ya Batiri Mbili

Niliondoka Baraka kwa sababu ya miguu ya mama yangu. Mama Mapendo alikuwa anakaa Lulimba kwa mudogo wake, Mama Sifa, na miguu ilikuwa imemukatalia kabisa. Mi nilitaka akae kwangu. Kumubeba kwa kipoyi, kile kitanda cha mabegani, njia yote ile, tungefikisha maiti. Lakini Mzee Ramazani, mwenye duka pale Baraka, alikuwa amenunua kwa Muzungu mumoja kamyo yenye nyumba nyuma, na kitanda, na meza, na taa. Bwana yangu Wilondja ndiye alikuwa shofere wake.

Mzee akamuambia: "Twaa kamyo, ulete mukwe wako. Ila mvua inakaribia. Ile njia ya Lulimba ikilowa, utakaa kule mpaka kiangazi, na mama yako mukwe na kamyo yangu."

Asubuhi ya kutoka, Wilondja alinishikisha taa ya mukono akafungua sanduku ya batiri. Moja ilikuwa ya motere, ingine ya nyumba. "Ni kama bake benza," akasema. "Kila mumoja na chungu chake. Ukibachanganya, bote banalala njaa." Akapangusa unga mweupe ulioota kwenye vichwa vya chuma, akapakaa mafuta, akaongeza maji ya mvua. Nikauliza kwa nini si ya ziwa, iko mingi. "Ya ziwa iko na chumvi ndani, hata ulimi usipoisikia. Batiri inaisikia."

Kupanda Fizi, kamyo ilinguruma polepole, na Wilondja alikuwa na furaha. Motere ikitembea, dinamo inalisha batiri. Ikisimama, batiri inakula akiba yake.

Lulimba tulifika jua likiwa chini. Mama Sifa alitupokea na bugali na samaki. Bwana yake, Asende, alizunguka kamyo, akaona taa ya nyumba inawaka, akaita banaume benzake ba lubunga, ile nyumba bazee banakaa kuzungumuza.

Wilondja akasema: "Baba, taa tusiiache iwake sana."

"Musikie," Asende akabaambia benzake. "Tumemupa binti, yeye anatunyima taa."

Taa ikabaki, mazungumuzo ikabaki. Wilondja hakuogopa sana, kwa sababu batiri ya motere haikuguswa.

Kulipokucha, wingu lilikuwa limefunga milima. Tulimulaza mama kitandani. Wilondja akawasha motere: kimya. Akafungua sanduku. Mama Sifa akaja anatabasamu, kibuyu mukononi. Yeye alikuwa fundi wa chumvi ya majani. Anachoma majani ya mutoni, anachuja majivu, anapika.

"Mukwe, hii kitu yako ilikuwa inatoa chumvi yote inje. Usiku nilifungua sanduku, nikaona unga mweupe umebaki pembeni. Nimeirudishia."

Alikuwa amemimina maji yake ya chumvi katika batiri ya motere, kila tundu, mpaka juu. Wilondja akaangalia chini. Mutu hagombeze mama mukwe, hata yule mudogo.

"Asante, mama," akasema. "Umeirudishia ya kutosha."

Mama yangu akaniita kwa jina toka dirisha ya kamyo: "Atosha, banataka kunishusha?"

Wilondja akatoa ile ya chumvi, akaweka ya nyumba. Taa ya mbele ikawa nyekundu kama kaa linalokufa. "Kuzungusha motere, haiwezi," akasema. "Lakini cheche iko nayo. Baba Asende, na lubunga yako yote, muje kusukuma. Mulikula taa, sasa munisaidie kuitapika."

Bakacheka, bakasukuma. Kwenye mutelemuko kamyo ikakohoa, ikashika. Mama Sifa alikimbia pembeni, akatupa kitunga cha mihogo ndani.

"Kuanzia hapa," Wilondja akasema, "motere haizimwe mpaka Baraka."

Fizi, mama akataka kuamkia yaya wake, kaka yake mukubwa, Mzee Byaombe, mwenye masikio mazito. Tukasimama mbele ya mulango wake, motere inanguruma.

"Aizime," mama akasema. "Yaya yangu haamkiwe katika makelele."

Wilondja hasemi na mukwe wake uso kwa uso. Akaniambia mimi: "Mwambie mama, nikizima, tunalala hapa." Na mvua ilikuwa imeanza kudondoka.

Mzee Byaombe akaweka mukono sikioni. "Nini?" Mama akalia machozi. Mzee akatuangalia sisi wote, akaangalia wingu, akaingia kwake. Akatoka na blanketi, akapanda nyuma. "Mapendo, songea."

Katika ule mutelemuko wa kwenda ziwani ndipo nilielewa batiri. Ile ya chumvi haikupona. Ile ya nyumba, iliyochoka, ilikula kidogo kidogo njiani mpaka ikapata nguvu, kwa sababu tuliiacha ikule na hatukuiomba kitu. Ndiyo naambia bajukuu bangu na mabatiri yao ya jua: maji safi, vichwa safi, na musiimalize mpaka chini.

Baraka tulifika kamyo imelowa. Wilondja akaingiza kamyo katika kiwanja ya Mzee Ramazani, akazima. Masikio yetu ikabaki inalia.

Nyuma, kwenye kitanda, mama akajinyoosha nguo. "Yaya, habari ya kwako?"

"Nzuri, mudogo wangu. Habari ya Lulimba?"

Bakaulizana batoto, mashamba, bagonjwa, na bale bamekufa, jina kwa jina. Mi nikakaa kwenye ngazi ya kamyo, nikangojea bamalize.