Pombe ya Mwenye Nyumba

Karibu na Bashay kuna nyumba ya kale ya tembe inayoonyeshwa watalii, na kila mgeni hupewa pombe ya mtama. Niliionja, nikasikia hamira ya dukani.

“Mama, ile ya asili haipo?”

Mama mpishi akaonyesha kwa kidevu kibuyu kilichojaa, kando ya kigoda kitupu.

“Ipo, ila ina mwenyewe. Babu aliyejenga hapa. Muombe.”

Nikacheka, nikainamia kigoda. “Shikamoo, babu.”

Mama akatega sikio.

“Amesema marahaba,” akaninong'oneza. “Lakini pombe amekunyima.”

Wakati natoka nilichungulia kibuyu. Kilikuwa nusu, na hakuna aliyekigusa.

Siku hizi silalamikii hamira. Hiyo angalau najua nainywa na nani.